Jinsi ya Kuingia Utumishi wa Kidiplomasia: Kuanzia Maombi Hadi Kituo cha Kwanza

Wengi wanaotamani kazi ya mambo ya nje wameiona kwenye picha: bendera mbili, meza ndefu, wakubwa wawili wakipeana mikono. Yaliyotangulia picha ile hawakuyaona. Kuna afisa wa ngazi ya chini aliyekesha akiandika hoja za mazungumzo, mwingine aliyehakikisha bendera haikupandishwa kichwa chini, na wa tatu atakayebaki ofisini hadi usiku akiandika nani alisema nini. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwa mmoja wa hao watatu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kinachomwingiza mtu katika kazi hii, na kinachompandisha cheo akishaingia, ni uwezo wa kuandika kuliko ulimi mtamu. Mtayarishe mwandishi ndani yako, mengine yatajifunzwa.

Hatua ya kwanza: ijue kazi yenyewe

Tafuta Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu Mahusiano ya Kidiplomasia uusome wote. Una vifungu 53, unamalizika kwa jioni moja, na ni ajabu jinsi waombaji wengi wanavyofika kwenye usaili hawajaufungua. Kifungu cha 3 kinataja kazi za ubalozi: kuiwakilisha nchi, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kujadiliana na serikali ya nchi mwenyeji, kufuatilia hali ya huko kwa njia halali na kuripoti nyumbani, na kukuza uhusiano mwema, pamoja na ule wa uchumi, utamaduni na sayansi. Jiulize ni ipi kati ya hizo inayokuvuta. Usipopata jibu, huenda kinachokuvuta ni gari lenye bendera.

Ukimaliza huo, soma Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli. Huu ndio utakaoishi nao miaka ya mwanzo: pasipoti zilizopotea, viza, raia waliofia ugenini, waliokamatwa, waliokwama bila nauli. Kifungu cha 36 ukijue vizuri. Kinampa raia wa kigeni aliyekamatwa haki ya kuelezwa bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ofisi yake ya konseli ijulishwe, na kinampa afisa wa konseli haki ya kumtembelea. Hakikupi wewe uwezo wa kumtoa mahabusu. Utamtembelea, utampa orodha ya mawakili, utawajulisha ndugu zake kama anataka, na utafuatilia kama anatendewa kwa haki. Ndugu watakulaumu kwamba hukufanya kitu. Zoea.

Na kinga ya kidiplomasia, ambayo watu huizungumzia kana kwamba ni hirizi ya mtu binafsi, si mali yako. Kwa kifungu cha 32 cha ule mkataba wa 1961, mwenye uwezo wa kuiondoa ni nchi iliyokutuma. Kifungu cha 41 kinakutaka uheshimu sheria za nchi mwenyeji na usiingilie mambo yake ya ndani, na cha 42 kinakukataza kufanya biashara au kazi ya kujipatia faida binafsi huko. Tena kwa kifungu cha 9 nchi mwenyeji inaweza kukutangaza kuwa hutakiwi wakati wowote, bila kulazimika kueleza sababu. Ukiwa na mipango ya biashara ya pembeni, tafuta kazi nyingine sasa hivi.

Hatua ya pili: tafuta mlango wa nchi yako

Kila nchi ina mlango wake, na kosa la kawaida ni kujiandaa kwa mlango wa nchi ya jirani kwa sababu ndio ulioelezwa vizuri mtandaoni.

Zipo nchi zinazoajiri kwa mtihani mkubwa wa ushindani. India huwapata wanadiplomasia wake kupitia mtihani uleule wa utumishi wa umma unaotoa pia watawala wa wilaya: mchujo, kisha mtihani wa maandishi, kisha usaili. Mwombaji wa kundi la jumla, yaani asiye kwenye makundi yaliyotengewa nafasi maalumu, hana budi kuwa hajavuka miaka 32, na anaruhusiwa kujaribu mara sita. Brazil ina taasisi yake ya Rio Branco, iliyoanzishwa mwaka 1945. Anayefaulu mtihani wake huanza moja kwa moja kama katibu wa tatu, na shahada yake inaweza kuwa ya fani yoyote. Marekani haidai hata shahada kwa maafisa wake wa kidiplomasia, ingawa wengi wanaopita wanazo, na kwa miaka mingi imekuwa ikimtaka mwombaji achague tangu mwanzo moja ya njia tano: konseli, uchumi, utawala, siasa au diplomasia ya umma.

Nchi nyingine hazina mtihani maalumu. Nafasi hutangazwa na tume au sekretarieti ya ajira ya serikali kama nafasi nyingine yoyote, pengine chache tu, pengine baada ya miaka ya ukimya. Katika nchi za namna hii fanya mambo mawili. Jisajili kwenye mfumo wa ajira wa serikali na uhakikishe vyeti vyako vyote vimo, vimethibitishwa, na majina yanafanana herufi kwa herufi. Pili, usikae kusubiri: maafisa wengi wa ubalozi hutoka wizara za biashara, ulinzi, uhamiaji, fedha, kilimo au habari, wakapelekwa nje kama waambata, yaani maafisa wa fani fulani ubalozini. Mchumi wa wizara ya biashara anayezijua sheria za forodha vizuri anaweza kufika kituoni kabla ya mwenye shahada ya uhusiano wa kimataifa anayesubiri tangazo.

Kuna pia mlango wa uteuzi wa kisiasa. Salim Ahmed Salim alipelekwa Cairo kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na miaka 22, na baadaye akaongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kama Katibu Mkuu kuanzia 1989 hadi 2001. Zilikuwa nyakati za mataifa mapya yasiyo na watumishi wa kutosha. Mlango huo haufunguliwi kwa maombi, kwa hiyo usiuwekee mpango.

Vyovyote mlango ulivyo, andika kwenye karatasi mambo manne kabla ya kwenda mbele: umri unaoruhusiwa, elimu inayotakiwa, msimamo wa nchi yako kuhusu uraia pacha, na mwezi ambao matangazo hutoka kwa kawaida. Taarifa hizo zitoe kwenye tovuti ya wizara au ya tume ya ajira. Usizitoe kwa rafiki aliyesikia.

Hatua ya tatu: elimu

Hapa sitakaa sana. Sheria, uchumi, historia, siasa, lugha, hata uhandisi, zote zinafaa. Vyuo vya diplomasia vipo, kuanzia Akademia ya Diplomasia ya Vienna ambayo chimbuko lake ni mwaka 1754, hadi Chuo cha Diplomasia cha Kurasini kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ubia wa Tanzania na Msumbiji. Vinasaidia, hasa kwa itifaki na sheria ya kimataifa, ila cheti chake peke yake hakimpi mtu ajira. Kama bado unachagua somo la shahada, ushauri wangu ni uchumi au sheria, na historia uisome mwenyewe. Mazungumzo mengi ya serikali siku hizi ni ya ushuru, madeni, nishati, hali ya hewa na data, na anayeweza kuisoma jedwali la takwimu bila kutetemeka huitwa kwenye kikao.

Hatua ya nne: lugha

Umoja wa Mataifa una lugha sita rasmi: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Ukiwa na Kiingereza kizuri, ongeza moja, uifikishe mahali pa kusoma gazeti na kubishana kwa adabu. Mbili nusunusu hazina kazi.

Kujua muda unaohitajika, tazama makadirio ya taasisi ya mafunzo ya mambo ya nje ya Marekani, ambayo imewafundisha maafisa lugha kwa miongo mingi. Kwa mzungumzaji wa Kiingereza anayesoma kutwa, Kifaransa na Kihispania huchukua takriban wiki 24 hadi 30. Kirusi ni kama wiki 44, Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea ni 88. Kiswahili kimewekwa kwenye wiki 36. Kwa maneno mengine, lugha uliyoinyonya bure, afisa wa nchi nyingine hulipiwa mshahara wa miezi minane kuisoma. Ni rasilimali pia katika vikao: Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) ilikikubali kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Lakini usidhani unakijua Kiswahili cha kiofisi kwa sababu unakiongea nyumbani. Jaribu kutafsiri aya moja ya mkataba wa biashara uone jasho.

Hatua ya tano: jifunze kuandika kama ofisi inavyoandika

Hii ndiyo hatua ya kupewa muda mwingi kuliko zote.

Anza na ripoti ya kikao. Hii hapa ni sentensi inayoandikwa kila siku na isiyomsaidia mtu: "Mkutano ulifanyika katika hali ya kirafiki na pande zote mbili zilijadili masuala yenye maslahi ya pamoja." Waziri akiisoma hajui kitu kipya. Linganisha na hii:

"Naibu Waziri alisema ushuru mpya wa mazao hautaanza kabla ya bajeti ya Juni. Aliomba kauli hiyo isinukuliwe. Maoni yetu: wizara ya fedha bado haijakubali, maana mwakilishi wake alinyamaza muda wote ushuru ulipotajwa. Tunapendekeza tusiwaambie wafanyabiashara chochote hadi barua rasmi ifike."

Tazama ilivyopangwa. Kilichosemwa kimetengwa na maoni ya mwandishi. Ukimya wa mtu mmoja umehesabiwa kuwa habari. Mwisho kuna jambo la kufanya. Fanya zoezi hili kila wiki: sikiliza hotuba au mjadala wa bunge wa saa nzima, kisha uandike aya tatu zisizozidi maneno 250. Ya kwanza, nini kipya. Ya pili, kina maana gani kwa nchi yako. Ya tatu, ungependekeza nini. Mpe mtu mkali asome, akueleze ni wapi alichoka.

Halafu ijue noti ya kidiplomasia, barua ambayo ubalozi na wizara huandikiana. Huandikwa kwa nafsi ya tatu. Haiwekwi saini kamili, bali herufi za mwanzo za jina na muhuri. Mwanzo na mwisho wake havibadiliki, hata kama katikati kuna ugomvi:

"Ubalozi unatoa salamu zake kwa Wizara ya Mambo ya Nje na una heshima ya kuiarifu kwamba… Ubalozi unatumia fursa hii kuihakikishia tena Wizara heshima yake ya juu."

Wageni hucheka wakiiona noti ya kulalamikia kuvamiwa kwa jengo la ubalozi ikifungwa kwa heshima ya juu. Wazoefu huitazama tofauti: anayeisoma huenda moja kwa moja kuangalia ni neno gani la kawaida safari hii limeachwa. Kwa hiyo andika noti kadhaa za mazoezi. Andika ya kuomba kibali cha ndege kuruka angani, ya kumtambulisha afisa mpya, ya kulalamika kwamba raia wako amekamatwa na hukujulishwa. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu, kwa kuwa malalamiko lazima yawe wazi na mlango ubaki wazi.

Zoezi la mwisho ni hoja za mazungumzo. Bosi wako ana dakika saba na waziri wa nchi nyingine. Mwandikie nusu ukurasa: mambo matatu ya kusema, swali moja la kuuliza, na jibu la kutoa akiulizwa jambo msilotaka liulizwe. Wanaoanza huandika kurasa nne za historia ya uhusiano tangu uhuru. Zitabaki kwenye gari.

Hatua ya sita: usaili

Mtihani wa maandishi ukipita, utaitwa mbele ya jopo, na nchi nyingi siku hizi huongeza zoezi la kundi. Katika zoezi la kundi wanatazama nani anawasaidia wengine wafikie makubaliano. Anayeongea sana na kushinda kila hoja mara nyingi ndiye anayeachwa. Chukua kalamu, andika kila mtu anataka nini, na dakika kumi kabla ya mwisho sema, "Naona tumekubaliana haya mawili, limebaki hili moja." Ni kazi ndogo na waombaji wachache huikumbuka.

Mbele ya jopo, tegemea swali la tukio. Mfano: ni saa nane usiku, wewe ni afisa wa zamu. Mama anapiga simu analia, mwanawe amekamatwa katika mji ulio mbali na ubalozi. Dakika tano baadaye mwandishi wa habari anapiga kuuliza habari hiyohiyo. Balozi yuko ndani ya ndege. Unafanya nini?

Jibu linaloaminika lina mpangilio. Kwa mama, unachukua jina kamili, namba ya pasipoti, mahali na saa ya kukamatwa, bila kuahidi usichoweza kutoa. Kwa mwandishi, unathibitisha kwamba umepokea swali lake, na kwamba atajibiwa na msemaji. Humpi jina la mtu hata kama analo tayari. Unampigia aliye juu yako kwa mpangilio wa zamu, unaitafuta polisi ya mji ule na kuomba nafasi ya kumtembelea kwa mujibu wa mkataba, na unaandika saa ya kila simu kwenye daftari la zamu. Anayejibu kwamba atampigia rafiki yake anayemfahamu mkuu wa polisi amejiondoa mwenyewe.

Utaulizwa pia: ukitumwa kutetea sera usiyoikubali, utafanyaje? Usiseme hutakuwa na tatizo, hawataamini. Sema kwamba ndani ya ofisi utaandika pingamizi lako kwa hoja, uamuzi ukishatolewa utautetea nje kwa uaminifu, na ukifika mahali dhamiri inakataa kabisa, utajiuzulu badala ya kuvujisha siri. Ila lisemwe kama unaliamini. Kama huliamini, afadhali uligundue hapo kuliko ukiwa umetumwa.

Hatua ya saba: upekuzi

Hapa hakuna cha kusomea. Watachunguza madeni yako, safari zako, kesi, marafiki wa nchi za nje, matumizi ya dawa za kulevya, na ulichowahi kuandika kwenye mitandao ya kijamii. Kinachowaangusha wengi ni kuficha jambo ambalo lingesamehewa. Deni lililotajwa ni deni. Likifichwa, linakuwa kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukutishia nacho. Miaka miwili kabla ya kuomba, lipa unayoweza kulipa, hifadhi risiti, na uanze kuandika mtandaoni ukijua siku moja maneno yako yatasomwa na serikali ambayo umeisema. Uchunguzi wa afya nao upo, na katika nchi nyingi unaihusu familia utakayosafiri nayo.

Upekuzi unaweza kuchukua miezi mingi. Usiache kazi uliyonayo kwa sababu umefaulu usaili.

Hatua ya nane: miaka ya mwanzo

Huenda ukaanza makao makuu, kwenye dawati la nchi au kanda. Utapanga majalada, utaandika majibu ambayo yatasainiwa na mwingine, utasubiri wageni uwanja wa ndege. Chagua dawati gumu ukipewa nafasi ya kuchagua. Kwenye dawati la nchi tulivu mwaka mzima unaweza kupita hujaandika kitu kilichosomwa na waziri.

Ngazi katika nchi nyingi ni hizi: mwambata, katibu wa tatu, katibu wa pili, katibu wa kwanza, mshauri, waziri mshauri, balozi. Kupanda ni kwa miaka, na wengi hustaafu bila kuwa mabalozi. Kituo kimoja kwa kawaida ni miaka mitatu au minne, kisha unahamishwa, pengine kwenda mahali ambapo hukuomba.

Ukifika kituoni, wiki ya kwanza dai hati ya makabidhiano kutoka kwa uliyempokea. Kama hakuiandika, mpigie simu mapema kabla hajasahau, umuulize mambo matatu: nani hujibu simu kweli wizarani, ahadi gani tulitoa hatujatimiza, na nani tumemuudhi. Kisha watafute wafanyakazi wa ubalozi walioajiriwa papo hapo nchini. Katibu muhtasi au dereva aliyekaa miaka ishirini ameona mabalozi wakija na kuondoka, na anajua mengi yasiyo kwenye jalada. Wasalimie kwa heshima siku ya kwanza, kabla hujawahitaji.

La familia lizungumzwe kabla ya maombi kujazwa. Mwenza wako mara nyingi hataruhusiwa kufanya kazi ugenini isipokuwa nchi mbili zina makubaliano ya ajira kwa wenza, kwa hiyo uliza kama yapo kwa kila kituo unachopangiwa. Watoto watabadili shule na lugha. Vituo vingine haviruhusu familia kabisa kwa sababu ya usalama. Wazazi wanaozeeka nyumbani watahitaji mtu wa karibu, na si wewe. Nimeona watu wenye kipaji kikubwa wakirudi baada ya kituo kimoja kwa sababu jambo hili halikusemwa mezani mapema.

Ukikosa

Wengi hukosa mara ya kwanza. Omba maelezo ya alama zako kama utaratibu unaruhusu, na usome ni hatua gani iliyokuangusha kabla ya kujiandaa upya. Aliyeangushwa na maandishi na aliyeangushwa na zoezi la kundi hawana maandalizi sawa.

Wakati unasubiri, kuna milango ya pembeni. Umoja wa Mataifa una programu ya wataalamu vijana kwa wenye shahada wasiozidi miaka 32 ambao nchi zao zimo kwenye orodha ya mwaka husika. Fahamu tu kwamba ukiingia huko unakuwa mtumishi wa kimataifa, hupokei maagizo ya serikali yako. Kofi Annan alianzia Shirika la Afya Duniani mwaka 1962 kwa njia hiyo ya utumishi wa kimataifa. Jumuiya za kanda huajiri pia, na balozi za nchi nyingine zilizopo kwenu huajiri wenyeji katika dawati la siasa, la biashara na la habari. Nafasi ya namna hiyo inakufundisha jinsi telegramu, yaani ripoti ya ubalozi kwenda makao makuu, inavyoandikwa na jinsi ziara ya waziri inavyopangwa, ila itaje wazi kwenye fomu ya upekuzi utakapoomba serikalini, pamoja na jina la aliyekuwa bosi wako na tarehe ulizoanza na kuacha.